Eti Nataka Daraja la Sufuria

Wiki mbili zilizopita niliweka video ya sekunde tisini. Nilikuwa nimesimama kwenye feri ya Likoni, upepo unanipiga usoni, nikasema kitu kimoja tu: siku daraja la kuvuka hapa litakapojengwa, nondo za zile sehemu zinazorushiwa maji ya bahari ziwe za stenlesi. Basi. Sikutukana mtu, sikutaja chama, sikuuza mafuta ya nywele.

Komenti ya kwanza: "Kwa hivyo unataka daraja la sufuria?" Ikapata moyo nyingi kuliko video yenyewe. Wa pili akauliza kama litakuja na kifuniko. Wa tatu akasema mimi niliacha chuo, kwa hivyo ninyamaze niwaachie wenye digrii. Ya kifuniko nilicheka, nakubali, ilikuwa kali. Ya digrii sikucheka, na nitairudia hapo mbele.

Lakini rekebisho dogo kwanza. Sufuria nyingi za nyumbani kwenu ni alumini. Stenlesi ni kijiko. Ukitaka kunichoma vizuri, sema nataka daraja la kijiko.

Sasa tuongee, kwa sababu sekunde tisini hazikutosha na mimi hii stori inaniuma.

Nimekulia Likoni, nyumba ya kupanga, chini kabisa ya ghorofa, dakika tano kwa miguu hadi baharini. Nikiwa darasa la saba, Jumamosi moja asubuhi, mama alikuwa jikoni anachoma mahamri. Mtu wa mkokoteni wa maji akaita nje, mama akatoka kumlipa. Aliporudi alikuta kipande cha dari, ukubwa wa trei, kimeangukia jiko. Mafuta ya moto yalikuwa kila mahali, mpaka ukutani. Alikuwa ametoka kwa muda wa kuhesabu sarafu.

Mwenye nyumba alikuja, akatazama juu, akasema "ni unyevu tu," akamtuma kijana apige plasta na rangi nyeupe. Haikumaliza mwaka. Plasta ilipoanguka tena, nondo zikawa wazi. Zilikuwa na rangi ya matofali na zimevimba, zinatoka magamba kama samaki. Mjomba wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alipanda juu ya stuli akabandua kipande cha nondo kwa kucha. Kwa kucha, jamani. Akashuka, akamwambia mama, "Dada, hama." Tulihama.

Hakuna aliyetueleza kilichotokea. Nilikuja kukielewa mwaka wa pili wa uhandisi wa ujenzi, kabla karo haijanishinda nikarudi nyumbani, na nakumbuka siku hiyo darasani nikiwa nimekaa nyuma, mwalimu anachora mstari wa nondo ubaoni, nami naona jiko la mama.

Iko hivi. Zege jipya ni alkali kali, pH yake iko juu ya 12. Ndani ya hali hiyo nondo ya kawaida hujifunika utando mwembamba unaoizuia isishike kutu, na inaweza kukaa humo miaka na mikaka bila shida. Adui ni chumvi. Chumvi ya bahari ina kloridi, na kloridi hupita kwenye vitundu vidogo vya zege, polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka inaifikia nondo na kuutoboa ule utando. Hapo kutu inaanza. Na kutu inavimba: inachukua nafasi mara mbili hadi mara sita ya kile chuma ilichokila. Zege linabeba malori bila kulalamika, lakini ukilisukuma kutoka ndani linapasuka kama ganda la yai. Ufa ukishafunguka, chumvi haihitaji tena kupenya polepole. Imeshapewa mlango.

Kwetu haikuhitaji hata kusafiri. Wazee wa mtaa wanasema nyumba ile ilijengwa kwa mchanga wa ufuoni na maji ya kisima cha chumvi. Ugonjwa ulikorogwa pamoja na saruji siku ya kwanza.

Daraja la baharini linaugua ugonjwa huo huo. Na usidhani mahali pabaya zaidi ni chini kabisa, kule samaki wako. Huko oksijeni ni kidogo, kutu inakwenda kwa uvivu. Pabaya ni pale katikati, maji yanapopanda na kushuka na mawimbi yanaporuka. Nguzo inalowa, jua linaikausha, maji yanaondoka, chumvi inabaki. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Halafu ongeza joto la Mombasa, maana joto huharakisha mambo haya yote. Yaani ni kama kumtia nguzo chumvi kila siku mara mbili kwa miaka hamsini halafu ushangae amekuwa ng'onda.

Stenlesi inafanya nini tofauti? Ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5. Kromiamu ikikutana na oksijeni hutengeneza utando wake, mwembamba kiasi kwamba huwezi kuuona, na utando huo ni mgumu kwa kloridi kuutoboa kuliko ule wa nondo ya kawaida. Uzuri wake hasa ni huu: ukiukwaruza, unajifunga wenyewe. Rangi ikikwaruzwa imekwaruzwa. Zinki ikiisha imeisha. Utando wa stenlesi, mradi kuna oksijeni kidogo, unajirudisha.

Na hapa niirudie ile komenti ya digrii. Mwingereza anayetajwa sana kwenye historia ya stenlesi ni Harry Brearley wa Sheffield. Mwaka 1913 alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki ambacho hakitalika haraka, akamwaga chuma chenye kromiamu asilimia 12.8, akagundua kwamba asidi hazikiwezi. Haraka akaona kwamba hicho ni chuma cha visu vya mezani. Wajerumani wa kampuni ya Krupp nao walikuwa wameshafika karibu na hapo, kwa hivyo watu bado wanabishana nani alitangulia. Mimi sibishani. Ninachotaka ujue ni kwamba Brearley aliacha shule akiwa na miaka 12. Alianza kama kibarua kwenye kiwanda cha chuma, akaingia maabara kama kijana wa kutumwatumwa, akajisomea usiku. Sisemi acheni shule, mama yangu anasoma hizi posti. Nasema tu, chuma hakiulizi cheti.

Sasa twende Meksiko, maana huko ndiko mabishano haya yalikoishia zamani, sisi ndio hatukupata habari.

Kuna mji unaitwa Progreso, kwenye pwani ya Yucatán. Bahari ya pale ni kina kifupi sana, meli haiwezi kukaribia ufuo, kwa hivyo ilibidi gati liifuate meli baharini. Kati ya 1937 na 1941 walijenga gati la zaidi ya kilomita 2, barabara juu ya matao ya zege, ukiliona kwa mbali unasema ni daraja lililosahau kufika ng'ambo. Wajenzi walikuwa kampuni ya Kidenmaki, Christiani & Nielsen. Mawe ya eneo lile ni ya chokaa, yana vitundu, zege lake linanyonya maji ya chumvi. Kwa hivyo wakafanya jambo ambalo miaka hiyo lilikuwa kama wazimu: wakaweka nondo za stenlesi, zaidi ya tani 200.

Gati lile bado lipo. Nasema lipo nikimaanisha linafanya kazi, malori yanapita juu yake. Lilipopimwa mwaka 1999, karibu miaka 60 baadaye, wataalamu walikuta kloridi ndani ya zege ikiwa juu mno, kiasi ambacho nondo ya kawaida ingeshakwisha kitambo, na bado hawakukuta kutu ya maana kwenye nondo zile.

Lakini stori yenyewe iko ubavuni. Takriban miaka 30 baada ya gati hilo, wakajenga lingine karibu nalo, bahari ile ile, jua lile lile, safari hii kwa nondo za kawaida. Kuna picha imepigwa kutoka juu, nilipoiona mara ya kwanza nilidhani mtu amechezea programu ya kuhariri. Mzee amesimama wima. Kijana amebaki visiki kwenye maji, kama meno ya bibi. Mdogo kwa miaka 30, na ndiye aliyekufa.

Ukiwa na nafasi ya kuangalia picha moja tu mwezi huu, angalia hiyo.

Najua tayari kuna mtu anaandika: "Stenlesi pia inashika kutu, grili yetu ya Nyali imepata madoa." Umesema kweli, na mimi mwenyewe niliwadanganya kuhusu hili. Mwaka jana niliweka video ya sumaku. Nilisema ukitaka kujua stenlesi halisi, weka sumaku, ikishika ni feki. Video ilienda sana, nikajiona profesa. Mjomba akanipigia simu usiku.

"Mjomba, hiyo sumaku yako umeitoa wapi?"

"Si ndivyo mafundi wanavyosema?"

"Mafundi gani? Njoo kesho nikuonyeshe."

Nikaenda. Alikuwa na vipande vitatu mezani. Cha kwanza ni ile stenlesi ya bei ya chini, 201, ambayo nikeli imepunguzwa na kuwekwa manganizi. Sumaku haikushika. Cha pili ni 304, yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, ndiyo ya masinki na vyuma vingi vya ngazi. Sumaku haikushika. Cha tatu kilitoka kwenye boti ya mteja, dupleksi, ile inayoitwa 2205. Sumaku ikashika paa! Na hicho cha tatu ndicho baba yao wote mbele ya bahari. Kwa hivyo kipimo changu kilikuwa kinapitisha dhaifu na kutupa bingwa. Niliifuta video. Samahani kwa wote mlioenda dukani na sumaku mkamfokea mtu wa watu.

Tofauti yao ni viungo. Ile 316 ni kama 304 ila imeongezwa molibdeni asilimia 2 hadi 3, na molibdeni ndiyo inayopigana na kloridi. Ile 2205 ina kromiamu 22, nikeli 5, molibdeni 3 na nitrojeni kidogo. Wahandisi wana hesabu yao ya kupima nani anastahimili vishimo vya kutu: chukua asilimia ya kromiamu, ongeza molibdeni mara 3.3, ongeza nitrojeni mara 16. Ukipiga, 304 inapata kama 19, 316 kama 25, na 2205 kama 35. Grili ya Nyali yenye madoa ya kahawia pengine ni 304 au 201 ambayo mtu aliuziwa kwa jina moja tu, stenlesi. Jina si kosa. Tatizo ni kuuliza jina bila namba.

Na kuna kosa la kutisha zaidi ya madoa. Mwaka 1985, mjini Uster, Uswisi, dari la zege la bwawa la kuogelea lilianguka likaua watu 12. Lilikuwa limening'inizwa kwa vyuma vya stenlesi. Mvuke wa bwawa wenye klorini uliviingia vikiwa vimebeba mzigo, vikapasuka ndani kwa ndani, na kwa nje havikuonyesha hali halisi. Kwa hivyo mtu yeyote anayekwambia stenlesi haifi, mkimbie, hata kama ni mimi. Chuma gani, mahali gani, kinabeba nini: hayo ndiyo maswali.

Sasa mbona Progreso, ambayo nondo zake ni za aina ya 304 tu, imesimama, na grili ya Nyali ya 304 ina madoa? Kwa sababu nondo iko ndani ya zege, na zege lile alkali linaisaidia. Grili iko uchi upeponi. Aina moja ya chuma, maisha mawili. Ndiyo maana kwa nondo huhitaji kila mara kununua ile ya bei ya juu kabisa, lakini kwa kitu kinachokaa nje, kama kibao cha kushikilia waya wa daraja, hapo usinibanie.

Na kuna wenye kujenga daraja zima. Kisiwa cha Menorca, Uhispania, mahali panaitwa Cala Galdana, palikuwa na daraja la zege karibu na bahari. Miaka thelathini hivi tu, chumvi ikalimaliza. Mwaka 2005 wakaweka jipya la chuma cha dupleksi, aina ile ile ya kipande cha tatu mezani kwa mjomba, la magari kabisa. Ni dogo, mita 55 tu. Silitaji ili tuige. Nalitaja kwa sababu ya lile la kwanza, lililokufa na miaka 30. Daraja la Nyali tunalopita leo ni la 1980. Hesabu mwenyewe. Sisemi linaanguka, sina ushahidi huo na sitaki mtu akate klipu yangu vibaya. Nasema madaraja yetu ya pwani yameshafika umri ambao mtu huanza kwenda hospitali kupimwa presha.

Hoja ya pesa. Hii ndiyo iliyojaa kwenye komenti, na ni hoja ya haki. Nondo ya stenlesi ni ghali mara kadhaa kuliko ya kawaida. Dada mmoja, nesi, aliandika kwamba wodini kwao glavu zinaisha kabla ya mwezi kuisha, na mimi naongea habari ya vyuma vya kung'aa. Niliisoma mara tatu. Sina jibu la kumfanya ajisikie vizuri. Ila nitasema hivi: daraja likioza, pesa za kulikarabati hazitoki mbinguni. Zinatoka kwenye mfuko ule ule wa glavu, na zinatoka nyingi, na zinatoka wakati ambao hakuna aliyezipangia.

Tena hakuna anayesema nondo zote. Angalia Hong Kong. Daraja la Stonecutters lilifunguliwa 2009, lina urefu wa mita 1,018 kati ya mnara na mnara. Nondo za stenlesi waliziweka pale maji yanaporuka, safu ya nje, ile inayokutana na chumvi kwanza. Ndani na mbali na maji, nondo za kawaida. Sehemu ya juu ya minara, ambako kupanda kwenda kupaka rangi ni balaa, wakaivika ngozi ya dupleksi. Yaani walikaa chini wakauliza: wapi chumvi itafika, na wapi fundi hatafika? Stenlesi ikaenda huko. Daraja limekusudiwa miaka 120.

Montreal nao walifunzwa kwa viboko. Daraja lao la Champlain lilifunguliwa 1962. Huko hakuna bahari, chumvi wanaimwaga wenyewe barabarani kuyeyusha barafu. Ikashuka, ikaingia kwenye zege, ikala. Mwaka 2019 wakalazimika kufungua jipya kando yake. Hili la pili lina nondo za stenlesi, na limekusudiwa miaka 125. Wakanada si matajiri wa kuchezea pesa. Walikuwa wameshalipa mara moja kwa kujifunza.

Mhandisi mmoja aliniandikia kando, kwa heshima, akasema ninaruka hatua. Kinga ya kwanza, alisema, ni zege lenyewe: liwe zito, lisilo na vitundu, lenye saruji iliyochanganywa na majivu ya makaa au taka za tanuri la chuma, na nondo ziingie ndani vizuri, zisikaribie uso. Ukifanya hivyo sawasawa, nondo za kawaida zinaweza kukaa miaka mingi baharini. Yuko sahihi na nimemshukuru.

Ila soma tena: ukifanya hivyo sawasawa. Nimefanya vibarua kwenye saiti likizo mbili. Nimeona nondo ikilala juu ya mbao kwa sababu vile vijiwe vya kuinyanyua vimeisha na lori la zege limeshafika. Nimeona maji yakiongezwa kwenye zege ili lishuke upesi, saa kumi na moja jioni, kila mtu anataka kwenda nyumbani. Mimi mwenyewe nilishika hose. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naambiwa ongeza, naongeza. Kwa macho ya siku ile hakuna kosa lililoonekana. Zege liligandamana, rangi ya kijivu, safi. Deni la makosa kama yale huja baada ya miaka ishirini, wakati msimamizi amestaafu na mimi sikumbuki hata ukuta ulikuwa upi. Stenlesi pale penye hatari inasamehe jioni kama ile. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo sijaisikia kwa wenye digrii, labda kwa sababu hawakushika hose.

Na kutu ya ndani haitoi taarifa. Daraja la Morandi, Genoa, Italia, lilifunguliwa 1967. Nyaya zake za chuma zilifunikwa kwa zege, zikawa hazionekani. Mhandisi aliyelibuni, Riccardo Morandi mwenyewe, aliandika mwaka 1979 akitahadharisha kuhusu kutu, hewa ya bahari na moshi wa viwanda. Tarehe 14 Agosti 2018, mvua inanyesha, watu wanaenda likizo, sehemu ya daraja ikaanguka. Watu 43. Mwenye daraja alikuwa amesema miaka 39 kabla. Lile dari la jikoni kwetu lilitupa angalau onyo la kwanza bila kuua mtu.

Sasa kwetu. Daraja la Mombasa Gate, la kutoka kisiwani hadi Likoni, limepangwa kujengwa kwa mkopo kutoka Japani, na KeNHA ndio wenye mradi. Mkopo huo tutaulipa sisi, mimi na wewe unayesoma hii kwenye matatu. Nimesikia mjadala wa kila aina: litaondoa feri au la, wafanyabiashara wa kivukoni wataenda wapi, ada italipwa au la. Yote ni ya maana. Sijasikia mtu akiuliza lina chuma gani pale maji yanapopanda na kushuka. Wajapani ni watu wa visiwa, wanaijua chumvi kuliko sisi, na inawezekana kabisa jibu zuri liko kwenye michoro tayari. Basi tuambiwe. Jibu zuri halina haja ya kufichwa.

Katiba, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inawapa siku 21 za kukujibu. Kwa hivyo nimeandika barua. Ukurasa mmoja. Maswali matatu. La kwanza: daraja limekusudiwa kuishi miaka mingapi? La pili: kwenye eneo la maji kuruka, nondo ni za aina gani, kwa namba, na zimefunikwa na zege la milimita ngapi? La tatu: nani atalipima, kila baada ya miaka mingapi, na ripoti itasomwa wapi na mwananchi?

Mama ameisoma akiwa amesimama mlangoni. Akauliza kwa nini sikuandika habari ya mahamri. Nikamwambia mama, hii ni barua rasmi. Akanirudishia, akasema, "Basi piga kopi, wakupigie muhuri wa kupokea, usiiache hivi hivi." Naipeleka Jumatatu asubuhi, feri ya saa moja. Siku 21 nitazihesabu hapa hapa, na jibu nitaliweka kama lilivyo, na kama hakuna jibu nitaweka muhuri.